Ngome Kongwe na jirani zake: maswali tunayoulizwa mlangoni

Nimekaa mlangoni Ngome Kongwe, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, misimu mingi, mara nikichana tiketi, mara nikionyesha watu choo kilipo. Maswali ni yale yale, anayeuliza tu ndiye hubadilika. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayotoa nikiwa sina foleni mbele yangu. Hili si tangazo rasmi la tamasha lolote. Tarehe na bei za msimu huu watakupa wenye shughuli. Mimi nakupa yale ambayo bango halisemi.

Pale si pa watalii? Na sisi tunaingia?

Mnaingia. Swali hili huulizwa zaidi na watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu, tena kwa sauti ya chini, na wala silicheki. Ukipita mchana unaona wageni na kofia zao za jua, maduka ya vinyago na picha za Tingatinga, kijana anamfuata mzungu kwa Kitaliano. Unajiambia hapa si pangu, unapita zako Forodhani.

Lakini hebu tazama mikono iliyopitia pale. Waomani waliijenga baada ya kumtoa Mreno mwishoni mwa karne ya 17, kwenye kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno. Ikawa ngome, ikawa jela. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawekwa vifaa vya kujengea ile reli ya Bububu. Mwaka 1949 ikatengenezwa upya ikawa klabu ya wanawake, mahali ambapo mama wa buibui aliweza kupunga upepo bila ya kutazamwa na barabara nzima. Jukwaa na zile ngazi za mawe tunazokalia ni za miaka ya 1990 tu. Kwa hiyo ukija usiku kumsikiliza mpiga udi hujavamia nyumba ya watu. Huenda bibi yako alishapita mlango huo kabla yako.

Na kuna jengine, ambalo ndilo hasa linalonifanya niandike. Onyesho la kwetu linahitaji watu wanaolijua. Mwimbaji wa taarab akipanda akakuta wageni watupu, anaimba alichopangiwa anashuka, wanampigia makofi ya adabu. Akikuta kina mama wa Kikwajuni wamejaa safu ya mbele, hashuki. Wimbo wa dakika nane unakuwa wa dakika ishirini. Tiketi ni ile ile, onyesho si lile.

Kuna nini, na lini?

Februari ni Sauti za Busara, tangu 2004. Ni siku kadhaa za muziki kutoka Afrika nzima, na waandaaji wanataka muziki upigwe pale pale kwa ala na sauti. Wa kuweka sidii na kuchezesha mdomo hawana nafasi. Kabla ya jukwaa kuna gwaride la mitaani: Beni ya Mbwa Kachoka mbele na matarumbeta yake na ngoma kubwa, watoto nyuma, na kina mama wamejaa madirishani. Gwaride halina tiketi. Ukiwa huna hata shilingi, hilo ni lako. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, na nakumbuka wenye nyumba za wageni walivyokuwa wakihesabu funguo zilizobaki ukutani.

Katikati ya mwaka ni ZIFF, tamasha la filamu, ambalo wengine tunaliita Tamasha la Nchi za Jahazi. Lilianza mwaka 1998. Usiku filamu zinaonyeshwa uwanjani Ngome Kongwe, mchana kuna warsha na mijadala katika kumbi za jirani, na tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Julai, ukiwa bado na nguvu, nenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Huko hakuna jukwaa wala kiti. Kuna migomba ya kupigania na kibanda cha kuchomwa moto, nawe simama upande wa upepo.

Ramadhani hakuna muziki. Naandika hivi kwa sababu kila mwaka hatukosi mtu wa kuuliza. Mwezi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na sasa umefika Februari, kwa hiyo tarehe za maonyesho ya msimu huo zinasogezwa kuupisha. Angalia kalenda kabla ya kukata tiketi ya boti. Idd ikiandama, mji unafidia yote kwa siku nne.

Nje ya matamasha, sikiliza mazoezi. Culture Musical Club, wa tangu 1958, wana nyumba yao Vuga. Ikhwani Safaa, ambao wengi tunawaita Malindi, ni wa tangu 1905, wakongwe kuliko redio zote za nchi hii. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2001, huwapandisha wanafunzi wake jukwaani mara kwa mara. Mtoto wa skuli akipiga qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na ulimi umetoka pembeni kwa kujikaza, huo ni usiku usiouonea huruma nauli yake.

Ratiba naipata wapi?

Kurasa za mitandao za wenye tamasha, redio, na mabango ya Forodhani na Darajani. Karatasi iliyobandikwa mlangoni petu ikipingana na simu yako, fuata karatasi. Hiyo ndiyo tunayoirekebisha kwa kalamu saa kumi jioni.

Tiketi imeandikwa 8:00 PM. Nije saa nane?

Saa mbili usiku. Familia moja kutoka Mkokotoni ilinijia saa nane mchana, watoto wamepakwa mafuta, baba amevaa kanzu mpya. Niliwapeleka Forodhani wakakaa kivulini mpaka jua likatua, na watoto walilala kabla ya msanii wa kwanza. Toa sita au ongeza sita, basi.

Ama kama saa mbili yenyewe ni saa mbili kweli: filamu huchelewa kidogo, kwa sababu inangojea giza tu. Muziki hungojea waya, na waya hauna adabu.

Kwa nini mgeni analipa zaidi yangu?

Kwa sababu kiingilio cha mgeni ndicho kinachokufanya wewe uingie kwa bei uliyolipa. Kwa kawaida kuna bei ya mzalendo, ya mkaazi na ya mgeni, na usiku mwengine filamu ni bure kwa wenyeji. Njoo na kitambulisho, cha Mzanzibari au cha NIDA. Usije na maelezo marefu ya ukoo. Nimeshasikia watu wakitaja mababu mpaka wa saba, na foleni imefika barabarani. Njoo pia na chenji. Tukiwa na noti za elfu kumi tupu kuanzia saa moja, onyesho linaanzia mlangoni kwa ugomvi.

Mvua ikinyesha?

Ngome haina paa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni watu wachache wanaothubutu kupanga kitu cha nje, na vuli ya Oktoba mpaka Disemba hupita kwa manyunyu ya ghafla. Tukiona wingu zito tunafunika mitambo kwanza, watu baadaye. Samahani, lakini ndivyo ilivyo. Mtu akirowa anakauka.

Upepo ndio mbaya zaidi, na hausemwi. Filamu za katikati ya mwaka zinakutana na kusi. Usiku mmoja, kwenye onyesho dogo la mtaani nililosaidia, tulifunga kitambaa cheupe baina ya nguzo mbili bila ya kukitoboa matundu ya kupitisha upepo. Kikafura kama tanga. Uso wa mwigizaji ukawa mnene, ukakonda, ukanenepa tena, na mzee mmoja, nahodha mstaafu, akapiga kelele kutoka nyuma: “Legeza demani!”, yaani kamba ya tanga. Tukalegeza. Kitambaa kikaondoka na nguzo moja. Watu walicheka kuliko walivyocheka katika filamu yenyewe, ambayo ilikuwa ya kusikitisha.

Chukua kanga au shuka. Ngazi za mawe hupata umande kuanzia saa nne, na jiwe la Ngome likishashika baridi linakupandia mgongoni.

Umeme ukikatika?

Jenereta. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tamasha la Februari 2010 lilifanyika katikati ya kiza hicho. Usiku ule Ngome ilikuwa moja ya sehemu chache zenye taa, na watu waliokuja hawakuja wote kwa ajili ya muziki. Wengine walikuja na chaja za simu.

Nivae nini? Na sala?

Vaa unavyokwenda harusini kwa jirani: nadhifu, na mabega na magoti yamefunikwa. Kanzu, gauni, buibui, suruali na shati, vyote sawa. Wageni wanaofika na nguo za pwani huwa tunawaazima kanga, na kanga hizo hazirudi zote.

Adhana ikiadhiniwa, sauti jukwaani huzimwa. Usipige kelele kudai uendelee wimbo. Misikiti iko hatua chache kutoka mlangoni, toka ukasali Isha, nafasi yako utaikuta ukimwachia mtu mwenye sura ya ukali.

Sijawahi kwenda taarab. Nifanyeje nisiaibike?

Kwanza kaa. Taarab asilia ni ya kukaa. Ya rusha roho ndiyo ya kusimama na kucheza. Wapigaji huanza na bashrafu, ala tupu bila ya mwimbaji, na hapo ndipo wasiojua huanza soga wakidhani mitambo inajaribiwa. Nyamaza kidogo, usikie qanuni na fidla zinavyopokezana. Kisha anapanda mwimbaji. Anasimama wima, mikono imetulia, uso hausemi kitu. Usimngojee acheze. Yeye kazi yake ni maneno.

Yako wewe ni kuyapokea. Ubeti ukikugusa, inuka. Shika noti juu baina ya vidole viwili, ionekane. Tembea taratibu kufuata mapigo, si kama mtu anayewahi daladala, ufike kwa mwimbaji, umtunze mkononi, urudi ulikotoka kwa mwendo ule ule. Noti ya elfu moja inatosha. Elfu kumi inapendeza, lakini mwenye elfu moja kumi anatembea mara kumi, na raha ya kutunza iko kwenye kutembea.

Angalia tu unainuka ubeti gani. Maneno ya taarab ni mafumbo, na ukumbi mzima unayafumbua kwa kutazama nani kainuka. Ukisimama pale panaposemwa habari za jirani mwenye jicho, na jirani yako amekaa safu ya tatu, umeshasema na yeye ameshasikia. Niliwahi kumwona mama mmoja akikaa nyimbo nne bila ya kutikisika, mkoba mapajani. Wimbo wa tano, ubeti mmoja tu, akainuka. Kulikuwa na njia fupi ya kufika jukwaani. Akachukua ndefu, iliyopita mbele ya shoga yake wa zamani, asimtazame hata kwa pembe ya jicho, na noti ikipepea. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka baharini. Mgeni aliyekaa karibu nami akaniuliza kumetokea nini. Nikamwambia yule mama amempa mwimbaji shilingi elfu mbili.

Ukitaka kujua taarab imetoka wapi: ilikuwa starehe ya jumba la mfalme. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza qanuni, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Aliyeishusha mitaani kwa Kiswahili ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alivuka mpaka Bombay kwenda kurekodi santuri. Waliomcheka kwa sura yake na asili yake hatuwajui hata majina.

Na kidumbak ni kitu gani? Kimeandikwa kwenye ratiba saa tano usiku.

Ni mdogo wake taarab asiyetaka kukaa. Fidla moja, vidumbak viwili ambavyo ni ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, mikwasa ya kugonganisha, na sanduku: boksi la mbao lililofungwa fimbo na uzi mmoja, ambalo mpigaji huukaza na kuulegeza uzi akitoa sauti nzito inayoingia tumboni. Ukikaa mbele utaona kiganja chake kimefungwa kitambaa. Ni ngoma ya harusini, viuno vinazungumza, na saa tano imewekwa makusudi watoto wawe wamelala. Wazee wanaoinuka kwenye kidumbak usiwakalishe. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, tuliyemzika Aprili 2013, alikuwa akipanda jukwaani na umri ambao hakuna aliyeujua kwa hakika, na ngoma yake ya unyago akiipanda kama farasi.

Filamu ni za lugha gani? Kiingereza changu cha kubabaisha.

Nyingi za matamasha zina maandishi ya Kiingereza chini, hata ikiwa filamu ni ya Kiarabu, Kihindi au Kifaransa. Za Kiswahili zipo kila msimu na ndizo zinazojaza uwanja. Uliza ni usiku gani. Zamani vibanda vya video vilikuwa na watu wa kutafsiri kwa mdomo, kina Lufufu, wakiongeza utani wao juu ya maneno ya wahusika, na mimi nakiri nilipenda tafsiri kuliko filamu. Ngome hakuna huyo. Lakini kaa karibu na wanafunzi wa skuli, daima kuna mmoja anayemnong'oneza bibi yake, nawe utege sikio. ZIFF pia imekuwa ikipeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa nauli ya kuja mjini. Huenda skrini inakuja kwenu.

Na msinyamaze sana. Kuna mtengenezaji filamu kutoka mbali aliyekaa nyuma yangu usiku mmoja, akashtuka kusikia uwanja unamwonya mhusika: “Usifungue huo mlango, mwanangu!” Akafikiri wanamvurugia kazi. Nilimwambia asubiri. Mhusika alipoufungua, watu mia kadhaa walisema “Si tulikwambia!” kwa pamoja. Akacheka mpaka akavua miwani. Simu tu ndiyo siwasamehe: mwanga wake unaonekana kutoka safu kumi.

Majumba ya sinema ya zamani yako wapi?

Wanaouliza ni waliozaliwa hapa wakaondoka, wamerudi kutoka Muscat au London na mvi. Lile la Vuga lilifunguliwa mwaka 1921 kwa jina la Royal Theatre, kazi ya mchoraji majengo J. H. Sinclair, baadaye likawa Majestic, likaungua miaka ya 1950, likajengwa upya. Kulikuwa na Empire, kulikuwa na Cine Afrique. Jumapili jioni familia nzima zilitoka zimejipamba kwenda kwenye filamu ya Kihindi, na kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Video ikaja, kisha sahani za satalaiti, na watu wakabaki majumbani. Majestic bado imesimama ikisubiri, na wapo wanaotaka irudi kuwa sinema. Kwa sasa ukitaka kutazama filamu na mji mzima badala ya peke yako na simu, ni Ngome, chini ya nyota, mara chache kwa mwaka. Kwangu mimi hazitoshi.

Mazungumzo na mihadhara ni kwa wasomi?

Hapana, ingawa waandaaji wengine hufanya kila wawezalo yaonekane hivyo: meza ya kitambaa cheupe, chupa za maji, na mtambulishaji anayesoma wasifu wa mgeni dakika kumi. Sisi wenyewe tunayo mazungumzo bora kila jioni Jaws Corner, kwenye mabaraza ya mawe, kwa kikombe cha kahawa na kipande cha kashata. Mhadhara ni baraza lenye kipaza sauti, ukiutazama hivyo hautakutisha.

Unauliza vipi? Inua mkono, toa salamu, uliza swali moja. Moja. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini mnaposema “nina maoni matano na nyongeza”, watoto wa skuli nyuma wanashusha mikono yao, na mara nyingi wao ndio walio na swali. Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa hapa mwaka 1948, alipopata Nobeli, mabarazani kulibishaniwa ni wetu au ni wa Uingereza, na ubishi ule ulikuwa na akili kuliko mihadhara kadhaa niliyokaa. Ulikuwa ni wa watu waliokatizana maneno, lakini waliosikilizana.

Mingi ya mihadhara haina kiingilio. Lugha yake huandikwa kwenye ratiba. Ikiwa ni Kiingereza, uliza swali lako kwa Kiswahili bila ya kuomba radhi. Atapatikana wa kutafsiri.

Naruhusiwa kupiga picha?

Jukwaani ndiyo, bila ya mwanga wa flashi. Hadhira, omba. Kina mama wanaokuja kucheka na kutunza hawakuja kuonekana kwenye simu za watu wasiowajua, na nimeshamfutisha kijana video yake mbele ya shangazi watatu. Filamu usiirekodi kabisa, ni mali ya mtu.

Watoto, wazee, mwenye kiti cha magurudumu?

Watoto karibuni, hasa kabla ya saa nne. Wazee waliochoka magoti wasipande ngazi. Uwanjani chini ni sawa na huwekwa viti, tuambie mapema. Mwenye kiti cha magurudumu aje kwa upande wa barabara ya Mizingani, asipitishwe vichochoroni, kuna ngazi na mifereji isiyo na huruma. Tangu sehemu ya jumba la jirani, Beit al-Ajaib, ilipoanguka, tarehe 25 Disemba 2020, pembeni yetu kumekuwa na uzio, kwa hiyo usifuate njia uliyoizoea zamani. Fuata ukuta wa Ngome.

Tutakula wapi?

Forodhani, hatua hamsini. Urojo kabla ya onyesho, mishkaki baada yake. Juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi inywe pale pale, usiingie nayo. Ubuyu unaruhusiwa, ila kokwa usizirushe ngazi ya chini. Aliyekaa hapo ni mama mkwe wa mtu.

Onyesho likiisha usiku wa manane, narudi vipi?

Daladala za 502 za Bububu na 505 za Uwanja wa Ndege zinaisha mapema kuliko kidumbak. Panga na jirani mkodi teksi watu wanne, au uwe na namba ya bodaboda unayemjua. Unayetoka Dar es Salaam, jua kuwa boti ya mwisho inaondoka alasiri. Hakuna onyesho la usiku linalokuwahisha boti, kwa hiyo tafuta pa kulala kwanza, tiketi baadaye. Ukipotea vichochoroni, shuka unakosikia bahari. Ukifika baharini umeshajua ulipo.

Nina kikundi, au nimetengeneza filamu. Nipandeje?

Anza na Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, BASSFU. Kikundi kisajiliwe, filamu ikaguliwe, upate kibali. Hili ndilo linalowakwamisha vijana wengi, si kipaji. Kisha tuma maombi kwa matamasha miezi mingi kabla. Sauti za Busara na ZIFF hutangaza muda wa kupokea kazi na hawangojei mtu. Tuma rekodi iliyopigwa mbele ya watu, hata kwa simu, kuliko ile ya studio iliyosafishwa mpaka haina harufu. Usije na yuesbii mlangoni siku ya onyesho ukaniambia “dada, nifanyie mpango”. Sina mpango. Nina kitabu cha tiketi na tochi.

Nimesahau kitu ndani.

Njoo kesho asubuhi, vitu huwekwa kwenye boksi nyuma ya meza ya mlangoni. Kwa sasa lina miwani miwili, kofia ya kiua iliyoshonwa vizuri sana, kanga moja iliyoachana na pacha wake, chaja tatu, meno ya bandia ya juu, na kandambili saba. Sita kati ya hizo ni za mguu wa kushoto.